Uzi: Sakafu ya boti ya faiba inabonyea kama godoro. Hivi stringa ni nini hasa, na zikioza ndio basi?

Kibua75
Wakuu, habari za saa hizi. Miezi miwili iliyopita nilinunua boti ya faiba iliyotumika, futi 23, mashine ya HP 60. Napeleka samaki na barafu kati ya Kilindoni na Nyamisati. Siku ya kuikagua ilikuwa juu mchangani, imepigwa rangi mpya ya bluu, inang'aa kama bi harusi. Safari ya tatu tu nikaanza kuhisi sakafu inabonyea mbele ya kiti cha nahodha. Tukishuka wimbi, chini kunagonga "ko, ko", na hakuna kitu kinachocheza, nimefunga kila kitu.

Fundi wa hapa ufukweni anasema tuongeze mati tatu (zile shuka za nyuzi za kioo) juu ya sakafu, siku mbili kazi imekwisha. Kijana mwingine akapita akasema "hapo stringa zimekufa, mzee, hii uza". Nauliza kwa nia njema: stringa ndio nini? Na kwa nini ife wakati faiba haiozi?

NahodhaBilaChombo
Rangi mpya kwenye boti ya mkononi? Umepigwa mkuu, pole. Naweka kigoda hapa nasubiri wajuzi.

Mzee Taruma
Kibua, usimwage hata tone la rezini, ile gundi ya kugandishia mati, kabla hujajua kilicho chini ya sakafu. Mimi kazi nilijifunzia kwenye mbao, kwa marehemu mjomba wangu Pangani, faiba nimeingia ukubwani. Kwa hiyo niruhusuni nianzie kwenye mbao.

Mashua ya mbao ina mkuku, yaani uti wa mgongo wa chini, na mataruma, mbavu zake, yanakatiza kutoka ubavu huu hadi ule. Mbao zinapita juu yake kwa urefu wa chombo. Mbao ni nene na ndefu, hivyo kwa urefu chombo tayari kina mgongo. Shida yake ni mbao kuachana, na taruma lipo hapo kuzishika.

Faiba mambo yamegeuka. Gamba lake ni kipande kimoja toka omo (mbele) mpaka shetri (nyuma), hakuna ungio la kuachia. Ugonjwa wake ni ulegevu. Chini ya boti kama yako huenda kuna unene wa milimita 6 au 8 hivi. Kata kipande cha faiba cha unene huo, kiweke juu ya matofali mawili, usimame katikati. Hakivunjiki, ila kinadidimia, ukishuka kinarudi. Sasa bahari ya kusi ikilipiga hivyo mchana kutwa, gamba linapumua ndani nje, ndani nje, na faiba inayopumua sana hatimaye inapasuka nyufa nyembamba kama za utando wa buibui.

Stringa ni migongo inayogandishwa ndani ya gamba kwa urefu, kutoka shetri kuelekea omo, mara nyingi miwili au minne. Angalia bati. Bati la bapa unalikunja kwa mikono. Lipe migongo, fundi anatembea juu ya paa. Unene ni ule ule, kilichobadilika ni umbo. Au kumbuka ubao wa kuvukia mtaro: ukilala bapa unapinda, ukisimama ubavu haupindi. Kimo ndicho chenye kazi. Ukiongeza kimo cha stringa mara mbili, ugumu wake unapanda mara nane. Ukiongeza upana mara mbili, unapata mara mbili tu.

Sakafu unayokanyaga imelala juu ya hiyo migongo. Ikibonyea, ama sakafu yenyewe imeoza, ama kilichokuwa kinaibeba hakipo tena. Ule mlio wa "ko, ko" ndio unaonitia wasiwasi. Unaweza kuwa gamba linagonga stringa iliyobanduka. Mati tatu juu ya sakafu ni kumvisha kanzu mpya mtu aliyevunjika mguu.

Kibua75
Shikamoo mzee. Hiyo ya bati imeniingia. Lakini swali langu la pili bado: kama ni faiba, kinaoza nini?

Mzee Taruma
Marahaba. Ndani ya hiyo stringa kuna mbao. Fundi anachukua ubao au plaiwudi, anausimamisha kwenye gamba, anaufunika kwa mati na rezini mpaka unashikana na gamba huku na huku. Kwa nje unaona faiba tupu. Katikati kuna mti.

MlamuHalisi
Assalaam aleikum nyote. Mzee Taruma, hapo naomba tuelewane. Huku kwetu mafundi husema ule mti ni kiolezo tu, wa kuipa faiba umbo. Faiba ikishakauka, mti hata ukioza wote chombo huenda. Nimeona boti ya shemeji yangu, stringa ukizigonga ni tupu kama bomba, na ina miaka inapiga Lamu na Kiunga.

Sangara_Mkavu
Mimi niko Mwanza na nakataa. Boti yetu mbao za ndani ziligeuka uji, na msimu huo huo chini kukapasuka ufa wa mkono mzima. Kama ubao ni kiolezo tu, mbona ulipoondoka na boti iliondoka?

Mzee Taruma
Nyote wawili mmesema kweli, na hapa ndipo watu wanapogombana bure kila siku. Inategemea unene wa faiba iliyofunika mti.

Mati ya gramu 450 kwa meta ya mraba ikishalowa rezini na kukauka inatoa kama milimita moja. Boti ya shemeji yake Mlamu bila shaka aliyeijenga alifunika stringa kwa tabaka nyingi, mati na rovingi (kitambaa kizito cha nyuzi za kioo) zikipokezana, milimita 5 au 6, na miguu mipana iliyolala juu ya gamba. Stringa ya namna hiyo ni sanduku la faiba lisilohitaji kitu ndani, na mti wake ni abiria. Ya Sangara ilifunikwa tabaka mbili, ili boti itoke haraka kiwandani. Pale faiba ni koti la mvua tu, mzigo wote unabebwa na mti. Mti ukioza hakuna kinachobaki.

Lakini hata kwa abiria kuna mahali pawili anapofanya kazi. Pale boliti au skrubu inapokamata, mfano kwenye miguu ya kiti, tangi, au mashine ya ndani, lazima kuwe na kitu kigumu cha kung'atwa. Na pale nyuma stringa inapokutana na transomu, ule ukuta wa shetri unaobeba mashine. Mashine ya HP 60 inasukuma transomu, transomu inasukuma stringa, stringa zinasambaza nguvu hiyo kwenye gamba lote. Ungio hilo likilegea, utaona nyufa kwenye kona za transomu kabla ya kuona chochote kwingine. Kibua, nenda katazame hizo kona leo.

Sangara_Mkavu
Sawa mzee, nimeelewa, ya kwetu ilikuwa koti la mvua. Ila nina jingine. Kuna jamaa alitoka Tanga kuja kwetu na boti ya umri ule ule, yake mbao zilikuwa nzima. Huko kwenu mnaweka dawa?

Mzee Taruma
Dawa yetu ni chumvi. Ukungu unaokula mti unataka maji matamu, hewa na joto. Maji ya chumvi haupendi. Wazee walilijua hili kwenye majahazi: chini panapolowa bahari mbao inadumu, inayoanza kuoza ni ya juu, penye mvua. Ziwani nyinyi mnaogelea kwenye maji matamu mwaka mzima. Huku pwani inayotuua ni masika. Boti inavutwa juu mwezi wa nne, haifunikwi, kizibo hakijatolewa, mvua inajaa humo ndani wiki sita. Ikishaingia kwenye tundu moja la skrubu lisilozibwa, haitoki tena, maana faiba inaifungia ndani kama chupa.

Maskati_Kusi
Nasoma kutoka Maskati. Huku wavuvi karibu wote wako kwenye boti za faiba za kuvuta mchangani, na jambo moja nililoiga kwao: boti ikitoka majini kizibo kinatolewa hapo hapo, na omo inainuliwa kwa gogo ili maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, yatoke yenyewe. Hakuna anayesubiri kesho. Mvua yenyewe huku ni ya kutafuta kwa tochi, bado wanafanya.

Kibua75
Kona za transomu nimeangalia. Upande wa kulia kuna nyufa tatu, ndogo kama nywele, rangi ilizificha. Nifanyeje kujua hali ya ndani bila kung'oa sakafu yote?

Mzee Taruma
Gonga kwanza. Tumia mpini wa nyundo, usitumie chuma. Penye uzima sauti ni kavu na fupi, penye maji au utupu sauti inazama. Weka alama kwa chaki.

Halafu toboa. Fungua kile kifuniko cha ukaguzi, kama hakuna kata tundu kwenye sakafu la kuingiza mkono. Toboa ubavu wa stringa kwa drili ya milimita 6, chini karibu na gamba, maana maji hukaa chini. Usitoboe gamba! Shika unga unaotoka. Mweupe na mkavu, salama. Kahawia na unanata kwenye vidole kama kahawa iliyochujwa, mti umekwenda. Yakitoka maji yenye harufu ya kinamasi, usiniulize tena. Ukiwa hapo hapo pima unene wa faiba, ndio utajua wewe ni wa Lamu au wa Mwanza. Ukimaliza, kila tundu uzibe.

NahodhaBilaChombo
"Wewe ni wa Lamu au wa Mwanza" nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Kibua75
Nimerudi, ni siku nne baadaye. Nimetoboa sehemu kumi. Stringa mbili za katikati: kutoka shetri hadi mbele ya kiti unga ni kahawia, tundu mbili zilitoa maji kwa dakika kadhaa. Mbele ya hapo unga mweupe. Za pembeni nzima. Unene wa faiba ni milimita 3 kasoro. Na nimegundua chanzo: kiti cha nahodha kimefungwa kwa skrubu nane zilizopenya sakafu zikaingia moja kwa moja kwenye stringa, hazina silikoni wala chochote.

Basi nikaona isiwe tabu, nimekata sakafu ya nyuma. Ubao wa ndani unachoteka kwa kijiko cha chai. Stringa ya kulia imebanduka kwenye gamba kama mkono mzima, ukiisukuma inagonga. Ndiyo hiyo "ko, ko".

Mzee Taruma
Vizuri, yaani vibaya, lakini sasa unajua. Milimita 3 kasoro ni koti la mvua. Inabidi kubadilisha, na nusu ya mbele huigusi.

Sikiliza hili kabla ya grainda. Usikate stringa zote mbili kwa pamoja. Gamba bila migongo linachukua umbo la kitu lilicholalia. Likilala juu ya magogo mawili, utaligandisha likiwa na bonde, na bonde likikaa karibu na shetri, boti itainamisha omo kila ukiongeza moto, na hakuna fundi atakayelitoa. Kwa hiyo weka boti sawa kwa pima maji. Itegemeze chini sehemu nyingi, hasa chini ya mkuku na chini ya kila stringa, ukitumia magunia ya mchanga. Vuta uzi toka shetri hadi omo ndani, andika umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye gamba kila baada ya nusu meta. Ondoa stringa moja, jenga, ikauke, ndipo uguse ya pili. Vipimo vya uzi viwe vile vile mwisho wa kazi.

MlamuHalisi
Na mti gani? Mimi ningeshauri mtiki, hauozi upesi.

Mzee Taruma
Mtiki tunao, huku Muheza kuna shamba kubwa la serikali, na kwa mbao za wazi ni mti wa heshima. Kwenye faiba hapana. Una mafuta, na rezini haishikani na mafuta. Mninga ni mzito bure. Mbao zilizotiwa dawa za nguzo nazo ziache, mara nyingi zina unyevu. Plaiwudi ya marini ya milimita 18, mbili zikigandishwa pamoja, inatosha, iwe kavu kabisa. Maungio yake yasikutane mahali pamoja, na unapounganisha na ubao wa zamani uliobaki, chonga mlalo mrefu, walau mara nane ya unene.

Au acha mti kabisa, tumia povu gumu la kujengea boti, lifunike kwa tabaka za kutosha uwe wa Lamu. Kwenye boliti tu ndio uweke kipande cha mti. Mimi ningefanya hivyo kama povu lingepatikana kirahisi.

NahodhaBilaChombo
Povu si lile jeupe linalokuja na TV? Ninalo ndani limejaa.

MamaRangi
Uwiii! Kaka usithubutu. Nauza rezini miaka mingi, kila mwaka anakuja mtu kulia na hilo povu. Rezini ya poliesta, hii ya kawaida, ina staireni, kimiminika kinachoyeyusha, ikigusa povu jeupe linayeyuka mbele ya macho yako, unabaki na shimo lenye uji.

Na kwa kuwa mmefika kwenye rezini, naomba niseme yangu. Kwa wateja wengi tatizo kubwa ni hadena, ile dawa ya kugandisha rezini. Kiasi ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini. Kwa joto letu la nyuzi 30 na kitu kaa kwenye 1, yaani gramu 10 kwa kilo. Changanya kidogo kidogo, anza alfajiri, usifanye juani. Ukizidisha, ndoo inachemka, inatoa moshi, na faiba inakuwa kavu inayokatika. Hadena ikiruka jichoni inapofusha, vaa miwani, weka ndoo ya maji safi karibu. Na kama umenunua kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, peke yake, usiichanganye na hadena moja kwa moja hata kwa utani. Inalipuka. Kila moja inaingia kwenye rezini kwa wakati wake.

Kibua75
Ahsante dada, hilo la kobalti sikulijua. Na ile rezini nyingine, epoksi, je? Kuna mtu ameniambia ni bora.

MamaRangi
Inashika mti na faiba ya zamani kuliko poliesta, hilo kweli. Bei yake utakaa chini. Ila ukianza na epoksi malizia na epoksi, maana poliesta haishiki vizuri juu yake. Kinyume chake inawezekana, epoksi juu ya poliesta ya zamani ni sawa. Na usitumie mati hizi za kawaida na epoksi, gundi inayoshikilia nyuzi zake huyeyushwa na staireni, na kwenye epoksi hakuna staireni, kwa hiyo mati inabaki ngumu kama ngozi, haikai kwenye kona. Inataka kitambaa cha kushonwa.

Mzee Taruma
Mama Rangi kamaliza. Mimi naongeza pale ninapoona kazi nyingi zinaharibika, ambapo ni chini ya mguu wa stringa.

Piga grainda kwa msasa namba 36 mpaka uondoe rangi, mafuta na uzee wote, upate faiba yenye rangi hai, upana wa kiganja na zaidi kila upande. Kung'aa kokote ni adui. Futa vumbi, pitisha asetoni, subiri ikauke. Ubao usikae mkavu juu ya gamba. Ukikaa mkavu unagusa nukta mbili tatu, na hapo gamba litapata kidonda kwa sababu nguvu yote inaishia kwenye nukta. Mwage pati ya rezini iliyoongezwa unga, ukalishe ubao juu yake ubaki umeelea milimita chache, na pati inayotoka pembeni uikwangue kwa mgongo wa kijiko iwe kona ya mviringo. Ncha ya juu ya ubao nayo izungushe. Nyuzi za kioo hazipendi kona kali, zinainuka na kuacha hewa chini, na penye hewa ndipo maji yatakapolala.

Kisha mati na rovingi zipokezane. Tabaka la kwanza fupi, kila linalofuata lipite la chini yake sentimeta mbili au tatu, miguu ikwishe kama ngazi. Toa hewa kwa rola. Fikia milimita 5. Rezini yenye nta tumia tabaka la mwisho tu, ukiitumia katikati piga msasa kabla ya kuendelea.

Na vile vitundu vya kupitishia maji ya ngama chini ya stringa: usikate ukaacha mti wazi. Pitisha kipande cha bomba la plastiki, kigandishe kwa rezini pande zote.

Kibua75
Wakuu nimerudi, wiki tano zimepita. Kazi nimefanya na kijana mmoja wa faiba, tukifuata uzi huu kwenye simu iliyopasuka kioo. Stringa ya kwanza ilitutoa jasho, ya pili ilikwenda siku tatu. Plaiwudi, poliesta, milimita 5. Vipimo vya uzi havikupishana ila sehemu moja, milimita 4. Nyufa za transomu tulizifungua, tukakuta mti mzima, tukafunga. Sakafu mpya imelala vizuri. Jana maji makubwa ya bamvua tumeishusha, tumekwenda Nyamisati na kurudi na barafu kamili. Kimya. Hakuna "ko, ko". Mwisho wa safari nilichukua upo, kile chombo cha kutolea maji botini, nifue maji, sikupata hata ya kujaza kikombe.

MlamuHalisi
Mashallah. Shemeji yangu nimemwambia atoboe ya kwake, amekasirika.

Mzee Taruma
Hongera mwanangu. Milimita 4 si kitu. Swali moja tu: kiti cha nahodha umekifungaje?

Kibua75
Skrubu zile zile nane mzee, ila nimetia silikoni.

Mzee Taruma
Juu ya stringa mpya?

Kibua75
…Kesho asubuhi nafungua.

Mzee Taruma
Toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze pati mpaka juu, likikauka toboa katikati ya pati. Skrubu ing'ate pati, isione mti. Nane zote.